Ajira kwa Waliopitia Ukimbizini: Mwongozo kwa Wafanyakazi na Waajiri wa Njombe na Makambako

Mwongozo huu unawahusu watu wawili. Wa kwanza ni yule aliyefika Makambako au Njombe kutafuta kazi, naye ana historia ya ukimbizi nyuma yake, iwe yake mwenyewe au ya wazazi wake. Wa pili ni msimamizi wa shamba la parachichi, mwenye mashine ya mbao, fundi mwenye gereji au mama mwenye mgahawa kando ya barabara kuu, ambaye siku moja ataombwa kazi na mtu huyo. Wote wawili huwa na tabia ya kuanzia pasipofaa. Mwajiri anaanza na lafudhi na asili ya mtu. Mwomba kazi naye anaanza kwa kujificha. Pa kuanzia ni pawili tu: hali ya mtu kisheria, halafu anachokijua kwa mikono yake.

Makambako si mji wa kambi. Kambi za wakimbizi zimekuwa mkoani Kigoma: Nyarugusu wilayani Kasulu, iliyofunguliwa mwaka 1996, na Nduta wilayani Kibondo. Lakini Makambako ni njia panda. Hapo barabara ya Dar es Salaam kwenda Mbeya na Tunduma inakutana na barabara ya Njombe na Songea, na stesheni ya TAZARA ipo mjini. Mtu akitoka kwenye makazi ya zamani ya wakimbizi mkoani Katavi kupitia Sumbawanga na Mbeya, hapo ndipo anaposhuka kutafuta kibarua. Na kazi zenyewe zinahitaji watu wengi: chai ya Luponde na Lupembe, miwati ya TANWAT iliyoanza mwaka 1949, misindano na mikaratusi inayopasuliwa kwa mashine za dingdong, viazi, na sasa parachichi. Mkoa huu unajua pia upande wa pili wa safari hii. Babu wengi wa Kibena na Kikinga walikwenda Tanga kuwa manamba kwenye mkonge, wakaitwa majina ya ajabu huko, na wakarudi na simulizi ambazo bado zinasimuliwa.

Jua kwanza mtu ni nani mbele ya sheria

Kundi kubwa ambalo mwajiri wa hapa anaweza kukutana nalo ni raia wa tajnisi, yaani waliopewa uraia bila kuzaliwa nao. Mwaka 1972 mauaji nchini Burundi yaliwakimbiza watu wengi kuja magharibi mwa Tanzania, nao wakapewa makazi Ulyankulu, Katumba, na baadaye, mwaka 1978, Mishamo. Walifyeka mapori, wakalima mahindi, mihogo na tumbaku, wakalipa kodi. Watoto na wajukuu wao walizaliwa hapa na kusoma shule za hapa. Mwaka 2010 serikali iliwakubalia uraia watu wapatao 162,000, ingawa vyeti vilianza kutolewa mwishoni mwa mwaka 2014. Ile miaka minne katikati iliwaumiza wengi: walikwisha kuukana uraia wa Burundi, na karatasi ya Tanzania walikuwa hawajaishika. Ukiona katika maelezo ya mtu kwamba kati ya 2010 na 2014 hakuwa na kazi rasmi, huenda sababu ni hiyo.

Mtu huyu ni Mtanzania. Hahitaji kibali cha kazi wala kibali cha ukaazi, na hapaswi kuombwa vitu hivyo. Anachopaswa kuonyesha ni kile anachoonyesha Mtanzania mwingine yeyote: kitambulisho cha taifa au namba ya NIDA. Cheti chake cha uraia akiweke nyumbani mahali salama, atembee na nakala iliyothibitishwa na mwanasheria. Nasisitiza jambo hili kwa sababu cheti hicho kikipotea, kukipata tena si kazi ya siku moja. Na asimpe mtu yeyote, awe dalali, msimamizi au mwenye nyumba, amshikie kitambulisho chake "mpaka msimu uishe". Anayeshika kitambulisho cha mfanyakazi anamfunga mfanyakazi.

Wanaofuata ni wakimbizi wanaotambuliwa na serikali, wengi wao kutoka Kongo na Burundi, ambao bado wanaishi kambini. Hao wanaongozwa na Sheria ya Wakimbizi Na. 9 ya 1998, inayowataka waishi katika maeneo yaliyotengwa na kupata ruhusa ya maandishi kabla ya kutoka. Wapo waajiri wanaodhani mkimbizi haruhusiwi kabisa kuajiriwa. Sivyo. Sheria ya Kudhibiti Ajira za Wageni Na. 1 ya 2015 imeweka daraja la kibali kwa ajili ya wakimbizi, daraja E, na mwenye mamlaka ya kukitoa ni Kamishna wa Kazi. Lakini kibali hicho hakiondoi sharti la ruhusa ya kutoka kambini. Vyote viwili vinahitajika, na mwajiri ndiye anayepaswa kuhakikisha vipo kabla ya siku ya kwanza ya kazi. Kwa maoni yangu utaratibu huu ni mzito mno kwa walimu, wauguzi na mafundi waliokaa Nyarugusu zaidi ya miaka 20, na nchi inapoteza kazi yao. Hata hivyo, ndio utaratibu uliopo, na anayeukwepa anamponza mfanyakazi kuliko anavyojiponza mwenyewe.

Yupo pia asiye na hati yoyote. Mwajiri asimwajiri. Lakini kama amekwisha kumfanyisha kazi, amlipe kila shilingi ya jasho lake kabla ya jambo lingine lolote. Kuna waajiri wachache wanaowachukua watu wa namna hii makusudi, wakijua hawawezi kwenda kulalamika popote, na siku ya malipo wanatishia kuwapigia simu Uhamiaji. Huo ni wizi. Tena unaweza kuangukia ndani ya Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu ya 2008, hasa pale watu walipochukuliwa mbali kwa ahadi za uongo. Unawaumiza vilevile vijana wa Njombe wenyewe, maana mshahara wa shamba zima unashuka.

Na wapo Watanzania wa kuzaliwa wanaodhaniwa wageni. Muha wa Kasulu au Kibondo anazungumza lugha inayokaribiana sana na Kirundi. Akifika kwenye kambi ya wavuna chai na kuongea na ndugu yake kwa Kiha, msimamizi asiyejua humwita Mrundi na kumweka pembeni. Lafudhi si hati. Mwenye shaka aombe kitambulisho, na akishakiona, suala limekwisha.

Swali la "wewe ni mtu wa wapi?"

Swali hili litaulizwa, maana huku kwetu ni salamu kabla halijawa uchunguzi. Lijibu kwa ufupi na kwa ukweli, kisha uhamie kwenye kazi. Mfano wa mazungumzo getini:

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Karibu. Wewe ni mtu wa wapi?"

"Natoka Katumba, Mpanda. Mimi ni Mtanzania, kitambulisho changu hiki hapa. Nimesikia mnatafuta watu wa kitaluni. Mimi nimekaa kwenye vitalu vya tumbaku tangu utotoni, najua kuotesha, kupunguza miche na kuihamisha bila kuumiza mizizi. Naomba unipe kitalu kimoja unijaribu."

Maneno hayo yanatosha. Hakuna haja ya kueleza mkasa wa familia kwa mtu usiyemjua, na hakuna haja ya kusema umetoka Tabora mjini au Iringa ili kufunika. Uongo mdogo wa siku ya kwanza ndio unaogeuka tuhuma siku namba ya NIDA inapoingizwa kwenye mfumo.

Mwajiri naye ajue mpaka wake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini Na. 6 ya 2004, kifungu cha 7, inakataza ubaguzi kazini kwa misingi mingi, na miongoni mwake ni utaifa, kabila au mahali mtu alikotoka, na asili yake. Kumwambia raia wa tajnisi "tunachukua wazawa tu" ni kuvunja kifungu hicho. Uraia wa kuzaliwa unatakiwa kwa urais, Katiba imesema hivyo. Kwa kuchambua parachichi hautakiwi.

Ujuzi ambao haujaandikwa popote

Hapa ndipo wengi wanapojipunja. Mtu aliyelima tumbaku miaka 15 akiulizwa ana ujuzi gani anajibu, "Sina, nimelima tu." Kaa naye umuulize vizuri. Tumbaku ni kazi ngumu kuliko mazao mengi ya Njombe. Mbegu zake ni ndogo kama vumbi, kitalu chake kinataka kumwagiliwa kwa kipimo, na majani yanachumwa kwa awamu kadiri yanavyokomaa. Bani la kukaushia linakesha na moto usiopanda wala kushuka ovyo. Halafu majani yanapangwa kwa madaraja, jani kwa jani, kwa rangi na ubora, na ukikosea daraja unakosa pesa. Mtu huyu anajua vitalu, anajua joto na unyevu, anajua kupanga madaraja na anajua kutunza hesabu za pembejeo za mkopo. Kiwanda cha chai kinahitaji mtu wa namna hiyo kwenye kukausha. Ghala la parachichi linamhitaji mezani pa kuchambulia.

Mfano wa karibu ni uvunaji wa parachichi aina ya Hass. Tunda halichumwi kwa kuvutwa. Linakatwa kwa mkasi na kuachiwa kikonyo kifupi, kwa sababu likinyofoka kikonyo linaacha kidonda, na ugonjwa wa kuoza unaingilia hapo wakati tunda liko safarini baharini. Haliangushwi chini, haliachwi juani, na lenye mkwaruzo linatengwa. Anayeweza kupanga tumbaku atayashika haya ndani ya siku chache. Msimamizi mwenye busara atamfundisha mwenyewe asubuhi ya kwanza, kisha amweke karibu na mvunaji mzoefu, si na kundi la watu wapya watupu.

Kwa fundi aliyejifunza kazi bila chuo, iwe uashi, useremala, ufundi magari, bomba, ushonaji au mapishi, kuna njia rasmi ya kupata cheti. VETA inaendesha utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi, ambao wengi wanauita urasimishaji ujuzi. Fundi anajaza fomu, mpimaji anamwangalia akifanya kazi yake na kumuuliza maswali, mapengo yanazibwa kwa mafunzo mafupi, na akifuzu anapewa cheti cha kiwango chake. Mwashi ataulizwa kwa nini amechanganya saruji na mchanga kwa uwiano huo, au atafanya nini kona ikikataa pembe mraba. Fundi mzoefu anayajua majibu. Kinachomwangusha mara nyingi ni kuyasema, kwa hiyo wiki moja kabla ya upimaji ajizoeze kumweleza msaidizi wake kila hatua kwa sauti. Ulizia kwenye vyuo vya VETA vya Makete, Iringa au Mbeya, na uulize msimu unaofuata wa upimaji ni lini, maana hauendeshwi kila wiki. Kwa kijana ambaye hajawahi kushika kazi yoyote, vyuo vya maendeleo ya wananchi vya Njombe na Ulembwe ni mahali pazuri pa kuanzia.

Wenye vyeti vya nje wana njia yao. Shule za kambini zilifuata mitaala ya Kongo na Burundi, kwa hiyo mtu anaweza kuwa na cheti halali cha sekondari ambacho mwajiri wa hapa hakielewi. Baraza la Mitihani, NECTA, ndilo linalotoa ulinganifu wa vyeti vya sekondari, na kwa shahada za vyuo vikuu ni TCU. Kwa kazi zinazosimamiwa na mabaraza, kama uuguzi, ulinganifu peke yake hautoshi, lazima usajiliwe na baraza husika. Fundi umeme naye, hata awe hodari vipi, anahitaji leseni ya EWURA kabla ya kufunga nyaya nyumbani kwa watu.

Wasifu wa kazi uwe wa kurasa mbili, usizidi. Andika vitendo na vipimo. Badala ya "mkulima", andika hivi: "2015 hadi 2021, Ulyankulu: nililima tumbaku ya mvuke ekari mbili, nikasimamia vibarua wanne wakati wa kuchuma, nikatunza daftari la pembejeo la kikundi." Kama ulikuwa kambini ukafanya kazi za kujitolea na mashirika, kufundisha au kugawa maji, hiyo ni kazi, iandike, na utaje cheo cha aliyekusimamia. Wadhamini wawili wanatosha: mmoja wa ulikotoka, mmoja wa hapa. Wa hapa anaweza kuwa mwenyekiti wa mtaa, mchungaji, imamu au fundi uliyefanya naye kazi ya siku tatu akaridhika.

Mkataba, na mstari mmoja usioachwa wazi

Mkataba wa kazi uwe wa maandishi, ueleze kazi, mahali, tarehe ya kuanza, saa, na malipo. Kama mfanyakazi haelewi lugha ya mkataba, sheria inamtaka mwajiri aueleze kwa namna atakayoelewa. Saa za kawaida hazizidi 45 kwa wiki, na saa za ziada hulipwa mara moja na nusu ya kawaida. Malipo kwa kilo ya chai au kwa kreti la parachichi yanaruhusiwa, lakini hayafuti kima cha chini cha mshahara kilichotangazwa na serikali; kiwango kinachotumika kwa sasa kiulizwe Ofisi ya Kazi au kwa wawakilishi wa TPAWU, chama cha wafanyakazi wa mashamba. Na michango ya NSSF ikikatwa, mfanyakazi aangalie mwenyewe kama imefika, asingoje mpaka augue.

Mstari usioachwa wazi ni ule wa mahali mfanyakazi alipoajiriwa. Dalali akikusanya watu 20 Mishamo na kuwaleta Njombe kwa basi, mahali walipoajiriwa ni Mishamo, na paandikwe Mishamo. Sababu ni kifungu cha 43 cha sheria ileile ya 2004: ajira ikikoma mbali na mahali mfanyakazi alipoajiriwa, mwajiri anawajibika kumsafirisha yeye na mizigo yake hadi huko, au kumlipia usafiri huo, na kumpa posho ya kujikimu ya siku anazosubiri. Waajiri wengine huandika "Njombe" ili kukwepa jambo hili, na mfanyakazi anasaini bila kusoma. Usisaini. Uliza kwa adabu, "Samahani bosi, mimi mlinichukua Mishamo, naomba paandikwe hapo." Kama umesaini tayari, tunza tiketi ya basi na ujumbe wa simu wa dalali, vitasaidia.

Ukiachishwa bila haki, malalamiko yanapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ndani ya siku 30. Madai mengine, kama mshahara usiolipwa, yana siku 60. Siku hizo zinakwenda haraka kwa mtu anayehangaika kutafuta nauli na pa kulala. Nenda mapema, hata kabla hujapata karatasi zote.

Kwa msimamizi wa watu

Mkoa huu ulipokea wakimbizi zamani kuliko wengi wanavyokumbuka. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Wapolandi waliopitia kwenye kambi za kazi za Usovieti waliletwa Tanganyika, na mbali na makazi makubwa ya Tengeru karibu na Arusha, wengine waliwekwa Kidugala, kwenye misheni ya zamani ya Kilutheri ambayo leo iko wilayani Wanging'ombe, si mbali na Makambako. Walikuja wanawake na watoto wengi wasio na kitu. Katika makazi hayo ya Wapolandi zilijengwa shule na karakana, na vita vilipokwisha, wale ambao hawakuweza kurudi kwao walikwenda nchi nyingine wakiwa na elimu na kazi mikononi.

Msimamizi wa leo anaweza kufanya mambo matatu bila gharama kubwa. Awape wafanyakazi wapya maelekezo ya vifaa na dawa za shambani kwa Kiswahili rahisi, kisha awaombe wayarudie, asiridhike na "ndiyo, tumeelewa". Awachanganye kwenye makundi na wenyeji, ili kundi la "wale wa Katavi" lisijengeke na kulaumiwa kila kitu kinapopotea. Na asiruhusu jina la utani linalotokana na asili ya mtu, hata likisemwa kwa kucheka. Mtu aliyeitwa mkimbizi tangu shule ya msingi hatakuambia kwamba linamchoma. Ataondoka tu, na utakuwa umepoteza mtu uliyemfundisha msimu mzima. Jambo la nne ni dogo ila linaokoa kazi: baridi ya Juni na Julai. Aliyetoka Mpanda hana sweta la Njombe. Mwambie kabla hajasafiri.

Anayetaka kujiajiri, baada ya kupata makazi na kujulikana mtaani, anaweza kujiunga na kikundi na kuomba mkopo wa halmashauri unaotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Raia wa tajnisi anastahili kama raia mwingine. Afisa maendeleo ya jamii wa kata ndiye wa kuonana naye kwanza.

Msimu ukiisha, usiondoke na pesa ya mwisho peke yake. Sheria inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi cheti cha utumishi ajira inapokoma, na wengi hawakitoi kwa sababu hakuna anayekidai. Kidai. Msimamizi akikuambia hana fomu, muombe aandike kwenye karatasi yenye muhuri wa shamba: jina lako kamili kama lilivyo kwenye kitambulisho, tarehe ya kuanza na ya kumaliza, na kazi halisi uliyofanya. Asiandike "kibarua". Aandike "mvunaji na mchambuzi wa parachichi" au "msaidizi wa kitalu", aweke saini, cheo na namba ya simu ya ofisi. Piga picha karatasi hiyo kwa simu siku hiyohiyo, uitume kwa ndugu unayemwamini.